Viongezo vya klia ya gari: kipi utie, kiasi gani, na utalipa nini

Ingia duka lolote la rangi za magari, uwe Kibuye mjini Kisumu au mitaa ya gereji ya Nakuru, na karibu na kaunta utakuta safu ya vichupa vidogo. Kimoja cha kuondoa macho ya samaki, kingine cha kukausha haraka, kingine cha kuchelewesha, kingine cha kulainisha klia, yaani koti angavu ya juu ya rangi, ya bampa. Muuzaji atakwambia utie kifuniko kimoja kwa lita. Kifuniko cha chupa ipi, na kwa klia ya aina gani, hilo hukuti mtu wa kukueleza.

Mwongozo huu umeandikiwa fundi anayepuliza klia ya vikopo viwili, yaani klia na hadina, kwenye gereji ya mabati au uwanja ulio wazi, bila chumba maalumu cha kupulizia wala tanuri. Niseme mapema ninachokiamini: klia nzuri hutoka kiwandani ikiwa na karibu kila kiongezo inachohitaji, na chochote utakachoongeza wewe kitatoa faida upande mmoja na kudai malipo upande mwingine. Usitie kitu mpaka uweze kutaja kasoro unayoitibu na gharama utakayoikubali.

Jua kwanza kilichomo koponi

Kopo kubwa lina resini ya akriliki yenye vikundi vya haidroksili. Kopo dogo, hadina, lina poliisosayaneti. Viwili hivi vikikutana hushikana na kufuma wavu wa poliurethani. Thina haishiriki katika ufumaji huo. Kazi yake ni kuipa klia wepesi wa kupita kwenye bunduki, kisha iondoke. Kwa hiyo kukauka na kuiva ni mambo mawili: klia iliyokauka haishiki vumbi, ila iliyoiva ndiyo inayostahimili petroli, kinyesi cha ndege na sabuni kali za kuoshea magari.

Uwiano wa kawaida ni 2 kwa 1 au 4 kwa 1 kwa ujazo, kulingana na mtengenezaji. Usiuvuruge kwa nia ya kuharakisha. Hadina ikizidi, sehemu iliyokosa mwenzi itaungana polepole na unyevu wa hewani na utando utakuwa mkavu wa kupasuka. Ikipungua, klia hubaki laini na harufu haiishi.

Ndani ya kopo kubwa kiwanda tayari kimetia dawa ya kulainisha uso, dawa ya kuvunja povu, kinga ya jua, na mara nyingi kichocheo kidogo. Kila bidhaa ya maana ina karatasi yake ya maelezo ya kiufundi, na hupatikana kwenye simu ukitafuta kwa namba iliyo kwenye lebo. Isome. Utajua uwiano, thina inayokubalika, muda wa kusubiri kati ya koti na koti (tabaka na tabaka), na viongezo ambavyo mtengenezaji mwenyewe ameviruhusu. Kopo lisilo na karatasi kama hiyo ni bora ulikwepe kuliko kulitafutia viongezo.

Kuna kiongezo kimoja ambacho mafundi wengi hukitia bila kujua, nacho ni alkoholi. Thina ya bei nafuu, ile ya rangi za nitroselulosi ambayo wengi huitumia pia kuoshea bunduki, mara nyingi ina alkoholi ndani yake. Alkoholi nayo ina haidroksili, kwa hiyo hula hadina kabla resini haijaipata. Matokeo ni klia inayong'aa vizuri jioni ya kwanza, halafu wiki nzima ukucha unaacha alama. Nikisikia fundi analaumu hadina, huwa nauliza kwanza thina ilinunuliwa wapi. Tumia thina ya urethani iliyotajwa kwenye karatasi ya klia yako, na ile ya bei nafuu ibaki kwenye ndoo ya kuoshea vifaa.

Tengeneza vibati vya majaribio

Usijifunzie kiongezo kwenye gari la mteja. Chukua boneti au mlango uliotupwa na ukate vipande vya ukubwa wa daftari. Vipige praima, vipake besi nyeusi, yaani rangi inayokaa chini ya klia, na uviache vikauke. Nyeusi, kwa sababu kasoro za klia hazina pa kujificha juu yake. Nyuma ya kila kimoja andika kwa kalamu ya wino usiofutika: tarehe, klia, hadina, thina, kiongezo na kiasi chake, saa, na hali ya hewa.

Kibati cha kwanza hakitiwi kitu. Hiki ndicho cha kulinganishia, na usikiruke hata ukiwa na haraka. Vinavyofuata vitiwe kiongezo kimoja tu kila kimoja: nusu ya kipimo kilichopendekezwa, kipimo kamili, na mara mbili yake. Hicho cha mara mbili ni muhimu kwa sababu kinakuonyesha ubaya wa kiongezo unavyoonekana, ili siku ukiukuta kwenye gari uutambue.

Kwa vipimo, achana na vifuniko. Nunua sirinji za mililita 2 na 5 kwenye duka la dawa, na mizani ndogo ya kielektroniki inayosoma sehemu za gramu. Hesabu yenyewe hii hapa. Lita moja ya klia ikichanganywa na nusu lita ya hadina hukupa takriban gramu 1,500 za mchanganyiko. Ikiwa karibu nusu yake ni yabisi, yaani kile kinachobaki baada ya viyeyushi kuondoka, una gramu 700 hivi za utando. Dawa ya kulainisha uso hutiwa kwa asilimia 0.1 hivi ya mchanganyiko wote, yaani gramu 1.5. Mkono unaomimina kwa kukadiria hauwezi kutoa gramu 1.5.

Vaa kabla ya kufungua hadina

Isosayaneti huamsha pumu. Ubaya wake ni kwamba inaweza kuwa hewani kwa kiwango cha kudhuru bila wewe kusikia harufu yoyote, na mwili ukishaikataa, hata chembe kidogo baadaye hubana kifua. Kitambaa puani hakisaidii, wala barakoa ya karatasi. Kinga bora ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Usipoweza kuipata, tumia barakoa ya katriji zenye mkaa na kichujio cha chembe, iliyokaa usoni bila nafasi, na ubadilishe katriji kwa ratiba badala ya kungoja harufu ipenye. Glavu za nitraili na miwani pia. Fundi anayekohoa usiku baada ya siku ya kupuliza amwone daktari na amtajie isosayaneti kwa jina.

Hali ya hewa na thina

Thina ndiyo kiongezo chako kikubwa kuliko vyote. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, joto la mchana hukaribia nyuzi 30, na unyevu wa ziwa hauko mbali. Nakuru iko karibu mita 1,850, mchana una upepo na vumbi la Bonde la Ufa, na usiku hushuka kwenye baridi ambayo mtu wa Kondele hawezi kuivumilia bila koti. Mchanganyiko mmoja hauwezi kutosha pande zote mbili.

Thina ya haraka kwenye joto la Kisumu huondoka kabla klia haijatandazika. Uso unabaki na ganda la chungwa, yaani vibonyeo kama vya ganda la tunda hilo, na pembeni chembe zinafika zikiwa kavu na kutua kama unga. Kuna lingine baya zaidi: kiyeyushi kinapotoroka haraka hupoza uso wa paneli, na hewa yenye unyevu mwingi inaacha umande usioonekana juu ya klia mbichi. Maji hayo huungana na isosayaneti na kutoa kaboni dioksidi. Hapo ndipo unapoona ukungu mweupe au vipovu vidogo. Kwa hiyo Kisumu mchana tumia thina ya polepole, na usipulize mvua ya alasiri inapojikusanya juu ya ziwa.

Nakuru mwezi Julai ni kinyume chake. Thina ya polepole itaacha klia mbichi kwa muda mrefu, ikusanye vumbi lote linalopita, na sehemu ya kiyeyushi ibaki imefungiwa ndani. Gari litaondoka linang'aa, na baada ya majuma machache mng'ao utakuwa umezama, kwa sababu kiyeyushi kilichobaki kilitoka polepole na utando ukasinyaa. Chukua thina ya kati au ya haraka, anza kazi asubuhi jua likishapasha mabati, na umalize mapema ili klia ipate saa za joto kabla ya usiku. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazopungua hupunguza kasi ya kuiva kwa karibu nusu.

Kila mahali, paneli iwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewani huanza kugeuka matone. Wala usipulize juani: boneti nyeusi chini ya jua la ikweta huwa moto wa kuchoma mkono, na klia itashika ngozi kabla hujaweka bunduki chini.

Kipimo cha wepesi ni kikombe chenye tundu na saa ya simu: unahesabu sekunde ambazo klia inachukua kumwagika kupitia tundu. Klia nyingi hupulizwa zikiwa kati ya sekunde 15 na 20 kwenye kikombe chenye tundu la milimita 4, lakini karatasi ya bidhaa ndiyo inayoamua. Pima mara tu baada ya kuchanganya, kisha pima tena kila nusu saa. Sekunde zikifika maradufu ya zile za mwanzo, muda wa matumizi umekwisha. Kutia thina zaidi ili kuifufua ni kujidanganya, maana wavu umeshaanza kufumwa ndani ya kopo.

Na wale wadudu wa ziwani wanaoizingira taa Kisumu jioni, hakuna kiongezo chao. Zima taa, au acha kupuliza jua linapotua.

Kichocheo cha kuharakisha

Kichupa hiki ndicho kinachonunuliwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi. Ndani yake mara nyingi ni msombo wa madini ya bati, dibutiltini dilaureti, kilichozimuliwa kwenye kiyeyushi. Huharakisha muungano wa haidroksili na isosayaneti, na hufanya kazi kwa kiasi cha kushangaza: kati ya asilimia 0.005 na 0.05 ya yabisi. Kwa zile gramu 700, kiwango cha asilimia 0.02 ni gramu 0.14 tu ya dawa halisi. Ikiwa kichupa chako ni mchanganyiko wa asilimia 1, hiyo ni gramu 14. Ikiwa ni wa asilimia 10, ni gramu 1.4. Sasa unaona kwa nini ushauri wa kifuniko kimoja hauna maana bila kujua nguvu ya dawa.

Faida yake ni ya kweli. Kwenye baridi ya Nakuru, au ile ya Eldoret zaidi, klia hushinda vumbi mapema na gari linaweza kusukumwa ndani kabla ya giza. Malipo ni haya: muda wa matumizi unafupika, wakati mwingine kwa nusu, na bunduki isipooshwa mara moja itaziba. Kisha kuna ngozi. Kichocheo kikizidi, uso wa klia hufunga kama utando wa maziwa yaliyochemshwa huku chini bado kuna kiyeyushi. Kikitafuta njia ya kutoka hutoboa, na unapata vitundu vya sindano, hasa kwenye kingo ambako koti ni nene. Au kinashindwa kutoka kabisa, na mng'ao unazama baadaye.

Fanya hivi. Tia kichocheo kwenye klia kabla ya hadina, ukoroge vizuri, ili kisijikusanye mahali pamoja. Puliza koti mbili za wastani badala ya moja nene, na subiri muda ulioandikwa kati yake, mara nyingi dakika 5 hadi 10, mpaka klia ikishikwa kwa kidole kwenye karatasi ya kuzibia ivute uzi lakini isilowe. Kisumu mchana wa joto sioni sababu ya kukitumia kabisa. Kama una haraka, tumia hadina ya haraka ya mtengenezaji yuleyule, ambayo imepimwa pamoja na klia yake.

Misombo ya bati ya aina hii imewekewa mipaka Ulaya kwa sababu ina madhara kwa uzazi, na baadhi ya watengenezaji wamehamia kwenye vichocheo vya bismathi. Usiiguse kwa mkono mtupu.

Uso: macho ya samaki na ganda la chungwa

Kioevu chochote kina mvutano wa uso. Maji yana milinyutoni 72 kwa mita, klia nyingi ziko karibu na 30, na mafuta ya silikoni yako karibu na 21. Kioevu hukimbia kutoka mahali penye mvutano mdogo kuelekea penye mkubwa. Tone dogo la silikoni likiwa juu ya besi, klia iliyo juu yake hupungukiwa mvutano na kuvutwa kandokando, na katikati panabaki kishimo cha mviringo. Hilo ndilo jicho la samaki.

Silikoni inatoka wapi? Mara nyingi ni kile kimiminika cha kung'arishia dashibodi na tairi. Gereji zetu nyingi ziko ubavuni mwa waoshaji magari, na kijana akipuliza tairi za Probox upande ule, ukungu wake unatua kwenye fenda yako upande huu. Chanzo kingine ni mafuta na maji ya kompresa. Fungua koki ya tangi asubuhi na adhuhuri, na uweke kichujio cha maji karibu na bunduki, mbali na joto la kompresa.

Dawa ya macho ya samaki yenyewe ni silikoni. Hushusha mvutano wa klia yote hadi ikaribie ule wa uchafu, ili klia iufunike bila kuukimbia. Inafanya kazi, lakini ukishaitia, bunduki, mpira na sakafu vimeingiwa na silikoni, na paneli inayofuata isiyo na dawa itapata macho ya samaki kutokana na dawa ya jana. Kuna gereji zinazoitumia kila siku kwa sababu haziwezi tena kuiacha.

Kabla ya kufikia hapo, fuata utaratibu wa vitambaa viwili. Osha paneli kwa maji na sabuni ya vyombo kabla ya kusugua msasa, kwa sababu msasa huisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo. Suuza, kausha. Kisha kitambaa kimoja kilicholowa dawa ya kuondoa mafuta kipite, na cha pili kikavu kifuate mara moja kabla dawa haijakauka yenyewe. Ikikauka bila kufutwa, mafuta yanarudi palepale yalipokuwa. Sogea eneo dogo baada ya dogo, na geuza kitambaa.

Macho yakitokea katikati ya koti ya kwanza, usirushe koti nene juu yake. Acha ikauke kiasi, puliza ukungu mwepesi mara mbili au tatu juu ya sehemu hiyo ukisubiri kati yake, kisha endelea. Yakibaki, ngoja klia iive, sugua msasa hadi yaishe, uanze upya.

Ganda la chungwa lina dawa ya ukoo uleule: polisiloksani zilizobadilishwa kwa polietha, au poliakrileti. Hizi husawazisha mvutano uso mzima ili klia itandazike. Poliakrileti ni pole zaidi na haziharibu sana mshiko wa koti ya juu. Polisiloksani zina nguvu zaidi na hutoa uso unaoteleza, lakini zikizidi, povu hudumu na koti itakayofuata hushindwa kushika. Siku gari likirudi na bampa iliyokwaruzwa na wewe ukapiga klia juu ya klia bila msasa wa kutosha, itabanduka kama karatasi.

Hata hivyo ganda la chungwa gerejini kwetu kwa kawaida halitokani na upungufu wa dawa. Sababu ni klia nzito, thina isiyofaa, shinikizo dogo, au bunduki iliyoshikwa mbali. Dawa haiwezi kutandaza klia iliyokwisha kuganda. Rekebisha hayo kwanza kwenye kibati.

Michirizi

Klia inayoteremka kwenye mlango hutibiwa viwandani kwa viongezo vinavyoifanya iwe nzito inapotulia na nyepesi inapopita kwenye bunduki, kwa mfano silika laini sana au fuwele za urea. Malipo yake ni kwamba klia inayokataa kuteremka inakataa pia kutandazika, na silika ikizidi huleta ukungu kwenye rangi nyeusi. Viongezo hivi vinahitaji mashine ya kukorogea kwa kasi, kwa hiyo usivitie wewe. Punguza thina, ongeza kasi ya mkono, na paneli za wima zipate koti nyembamba.

Jua

Hapa ndipo gari la mteja wetu linapokufa. Tuko kwenye ikweta, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo paa la matatu ya Nakuru linachomwa zaidi ya lile la Mombasa. Angalia magari yanayobanduka klia: huanza paani na kwenye boneti, milango bado ni mizima.

Kinga iko ya aina mbili na hufanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza ni vifyonza-miale, kama benzotriazoli na triazini, ambavyo humeza urujuanimno na kuugeuza kuwa joto dogo. Hutiwa kwa asilimia 1 hadi 3 ya yabisi. Ya pili ni amini maalumu zinazojulikana kwa kifupi HALS, karibu asilimia 0.5 hadi 2. Hizi hazizuii miale. Hukamata chembe huru zinazozaliwa jua linapovunja polima, na uzuri wake ni kwamba hujirudisha katika hali ya kufanya kazi tena badala ya kutumika mara moja na kwisha. Kifyonza-miale hulinda kilicho chini, yaani besi na rangi zake. HALS hulinda uso wenyewe, ambako hakuna unene wa kutosha wa kufyonza chochote.

Neno muhimu ni unene. Chukua klia ya mikroni 50 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) inayopitisha asilimia 1 ya miale fulani. Ukiipunguza hadi mikroni 25, haipitishi asilimia 2, inapitisha 10. Mara kumi zaidi inafika kwenye besi, besi inaoza juu kabisa inapokutana na klia, na klia inabanduka kwa mapande ingawa yenyewe haina kosa. Sasa fikiria fundi anayezidisha thina ili lita moja itoshe gari zima. Koti inaonekana nono ikiwa mbichi, thina inaondoka, na kinachobaki hakifiki mikroni 30. Au anayesugua msasa na kung'arisha kwa kompaundi mpaka ganda la chungwa liishe kabisa, na kuondoa mikroni 15 za kinga. Hakuna kichupa cha kuziba pengo hilo.

Lengo ni mikroni 50 hadi 60 baada ya kukauka, ambazo kwa kawaida ni koti mbili kamili. Kama una kipima unene cha sumaku, pima kabla na baada ya klia kwenye paneli ya chuma. Kama huna, hesabu kiasi cha klia kilichotumika kwa eneo, ukilinganisha na karatasi ya bidhaa.

Je, uongeze kinga ya jua mwenyewe? Ushauri wangu ni hapana. Dawa hizi huuzwa viwandani, zinahitaji kuyeyushwa sawasawa, na baadhi ya vifyonza-miale vikizidi huipa klia umanjano unaoonekana kwenye gari jeupe. Mwenye matatu akikuuliza, "Fundi, hii nayo itabanduka lini?" pesa yake iende kwenye klia ya daraja la juu na koti ya pili ya kweli. Klia mbili zenye mng'ao sawa siku ya kwanza zinaweza kutofautiana kabisa baada ya miaka mitatu juani, na bei ya kinga ndiyo sehemu kubwa ya tofauti kati ya kopo la bei nafuu na la ghali.

Bampa, mati na mikwaruzo

Bampa nyingi ni polipropilini, ambayo klia haiishiki bila praima ya plastiki kwanza. Kilainishi cha bampa ni polioli yenye minyororo mirefu inayoupa wavu mnyumbuko. Kwa kuwa nayo ina haidroksili, hudai hadina yake, kwa hiyo soma uwiano mpya kwenye lebo. Klia hiyo huwa laini zaidi na hukwaruzika upesi. Iishie kwenye bampa, isiende kwenye boneti.

Mati, yaani uso usiong'aa, hupatikana kwa silika laini inayokwaruza uso kwa kiwango kisichoonekana wakati utando unaposinyaa. Wenye kupita njia ya Nairobi kwenda Nakuru huona machimbo ya diatomaiti upande wa Kariandusi. Udongo ule nao ni silika na umetumika duniani kufifisha rangi, ila kwa klia ya gari viwanda hutumia silika ya kutengenezwa, iliyo laini na angavu zaidi. Usijaribu poda ya aina yoyote. Nunua klia ya mati iliyo tayari, ikoroge kila mara kabla ya kujaza bunduki, na ulinganishe unene sehemu zote, kwa sababu palipo nene patang'aa. Mwambie mteja mapema kwamba mati haing'arishwi kwa kompaundi na mkwaruzo mmoja unaweza kulazimisha paneli nzima irudiwe.

Viongezo vya kuzuia mikwaruzo hutelezesha uso au hutia chembe ngumu ndogo mno. Vinasaidia, ila kitambaa chenye vumbi cha mwosha magari kinashinda chochote.

Kuchanganya na kupima

Mpangilio ni huu: klia kwanza, kiongezo kiingie humo na kukorogwa dakika mbili kamili, kisha hadina na kukorogwa tena, na thina mwisho. Acha povu lipande dakika kadhaa. Chuja kwa chujio la karatasi unapojaza bunduki. Kopo la hadina lifungwe saa hiyohiyo. Unyevu ukiingia, itakuwa na ukungu, kisha itaganda. Hadina yenye ukungu ni ya kutupwa.

Vibati vyako viache siku 7, kisha uvipitishe kwenye majaribio haya. Simama chini ya taa ya mrija na utazame kingo za taa kwenye uso: zikiwa zimenyooka, utando umetandazika, zikitetemeka, ni ganda la chungwa, zikififia, mng'ao umezama. Bonyeza ukucha. Sugua pamba iliyolowa thina ya urethani kwenda na kurudi mara 50. Ikiwa uso unalainika au kufifia, klia haijaiva, na mara nyingi utakuta ni kibati cha thina mbaya au cha hadina iliyopunguzwa.

Halafu mshiko. Kwa wembe mpya chora mistari 6 iliyoachana milimita 2, na mingine 6 kuikata, ili upate vimraba 25. Bandika selotepu ngumu, isugue, ivute kwa haraka. Vimraba vikitoka, tazama vimeachia wapi: kati ya klia na besi, au kati ya klia mbili. Rudia jaribio hili kwenye kibati cha dawa ya silikoni ulichokipiga klia ya pili juu yake bila msasa, na utaelewa kwa nini nilisema itabanduka kama karatasi.

Mwisho panda navyo juu ya paa. Ziba nusu ya kila kibati kwa karatasi ya alumini iliyobanwa vizuri, kielekeze juu kabisa, na ukiache kipite mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba. Kisumu marabu watakusaidia kupima kinga ya kinyesi. Ukishusha, osha, toa alumini, na ulinganishe nusu mbili: rangi, mng'ao, nyufa ndogo chini ya kioo cha kukuzia. Kisha rudia selotepu, safari hii upande uliopigwa na jua.